Kijiji Kilichokosa Herufi Moja

Katika sanduku la bati ninalotunzia vyeti vyangu limo daftari la jalada la buluu, lililojaa mwandiko wangu wa ujana. Nililinunua Belgrade mwaka 1976, nilipokuwa mwanafunzi huko. Nchi iliyonipa nafasi ile ya masomo, Yugoslavia, haipo tena. Nayo lugha iliyotajwa katika cheti changu, Kiserbokroatia, leo huitwa kwa majina manne. Nilipokuwa nikifuatilia kiinua mgongo changu, karani mmoja alikitazama cheti kile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nchi hiyo iko wapi. Nikamwambia kwamba ilikuwapo. Hakuridhika.

Ndani ya daftari mna kurasa sita kuhusu kijiji kidogo kiitwacho Tršić. Msomaji asitishwe na jina lenye irabu moja. Wenyewe hutamka Tr-shich, na hiyo r husimama peke yake kama silabi, vile vile m yetu isimamavyo katika neno mtu. Kijiji kipo magharibi ya Serbia, kilomita chache kutoka mji wa Loznica, kwenye vilima vilivyo chini ya mlima Gučevo. Ng'ambo ya mlima huo unapita mto Drina, na upande wa chini limelala bonde la mto Jadar. Katikati ya kijiji hupita kijito cha Žeravija, ambacho mtoto hukiruka bila kulowa. Kuna misitu ya mialoni, mashamba ya plamu, na mahindi. Mimi ni mtoto wa milimani, wa Upare, na baada ya miezi mingi ya majengo ya zege na tramu nilipoyaona mahindi yale ubavuni mwa mlima nilinyamaza kimya ndani ya basi.

Tulikwenda mwezi Septemba, wanafunzi wageni wachache pamoja na mwalimu wetu wa lugha, kuhudhuria mkusanyiko ambao hufanyika huko kwa ajili ya mtu mmoja aliyezaliwa katika kijiji hicho. Nyumba yake yaonekana hadi leo, ya magogo, yenye paa refu lenye mteremko mkali, imejengwa juu ya ghala la mawe. Si nyumba yenyewe. Ilijengwa mwaka 1933 mahali palipokuwa na ile ya zamani, iliyochomwa moto na Waturuki wakati wa uasi.

Mtu huyo ni Vuk Karadžić, aliyezaliwa mwaka 1787. Vuk maana yake ni mbwa mwitu. Ndugu zake waliotangulia walikuwa wakifa wachanga, watu wakaamini kwamba wachawi ndio wanaowala. Basi wazazi wakampa jina la mnyama ambaye mchawi atamwogopa. Nilipoelezwa hayo sikuhitaji ufafanuzi. Nimesoma darasa moja na akina Mashaka na Taabu, na sababu za majina yao tulizijua.

Mtoto yule alikuwa mchungaji. Herufi alifundishwa na jamaa yake mmoja, mtu wa pekee aliyejua kusoma pale karibu, akiandika kwa unyasi na wino wa baruti iliyolowekwa katika maji. Baadaye baba yake alimpeleka monasteri ya Tronoša, mwendo wa miguu kupitia msituni, ili apate elimu. Watawa wakampa mbuzi achunge. Baba akamrudisha nyumbani, akisema mbuzi anao hata yeye. (Kisa hiki niliwasimulia walimu wa shule yangu kila walipowatuma watoto kuteka maji yao ya kuoga.)

Uasi dhidi ya utawala wa Waturuki ulianza mwaka 1804, na kijana akawa karani wa kiongozi mmoja wa waasi, kwa kuwa wanaojua kuandika walikuwa wachache. Ugonjwa ukamlemaza mguu wa kushoto, akatembea kwa mguu wa mti maisha yake yote. Uasi uliposhindwa mwaka 1813 alikimbilia Vienna. Huko akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma: mwaka 1814 alitoa kitabu cha nyimbo za watu wa kwao pamoja na sarufi, na mwaka 1818 kamusi yenye maneno zaidi ya 26,000. Hata matusi aliyatia, akayaondoa katika chapa ya mwaka 1852. Wasomi wa Kiserbia wakati ule waliandika kwa lugha iliyochanganywa na Kislavoni cha kanisani, ambayo mama zao wasingeielewa. Yeye akasema mtu aandike anavyosema, na kila sauti iwe na herufi yake. Kanuni hiyo aliichukua kwa Mjerumani Adelung, lakini yeye ndiye aliyeitimiza, kwa herufi 30. Wakubwa wakamcheka kwamba analeta lugha ya wachunga ng'ombe. Alikufa mwaka 1864, na vikwazo vya mwisho dhidi ya maandishi yake viliondolewa Serbia mwaka 1868.

Siku ile tulikaribishwa kwa mama mmoja mzee. Aliponiona aliniita sine, yaani mwanangu, akanikalisha karibu na moto. Alikuwa akisonga kitu katika sufuria kwa mti mrefu. Wao wanakiita kačamak, wakakila kwa malai. Ndugu msomaji, ulikuwa ugali! Nilikula mpaka wenzangu wakacheka. Na katika daftari niliandika hivi: "Mama anasema leb. Kitabuni ni hleb. Mwalimu anasema watu wa hapa hawatamki h, na Vuk mwenyewe aliiacha h katika kamusi yake ya kwanza. Aliitia baadaye, 1836, baada ya kuisikia Dubrovnik na Montenegro."

Niliandika, nikafunga daftari, nikasahau.

Miaka minane baadaye nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nikifundisha mbinu za kusoma na kuandika. Kila mwaka niliwaeleza wanachuo habari za Tršić, nikijivuna kidogo kwamba nimefika. Niliwaambia Kiswahili nacho kina bahati hiyo, kwamba tunaandika tunavyosema. Mwaka 1984 nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha, darasa la pili. Akaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri sana: "Njoo apa." Watoto wakasoma kwa sauti moja, apa. Nilimwita nje. Akasimama wima, akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba tunaandika tunavyosema. Kwetu tunasema apa."

Nilidhani ananidhihaki. Nikaandika katika fomu yake kwa wino mwekundu kwamba hajui lugha anayoifundisha. Alishindwa mazoezi yale, na muhula uliofuata hakurudi chuoni.

Swali lake sikuweza kulijibu, na ndiyo maana nilikasirika. Tunaandika tunavyosema: nani, sisi? Mwaka 1928 walikutana Mombasa wakachagua lahaja ya Unguja iwe Kiswahili cha vitabuni, na watu wa Mombasa wenyewe, wenye utenzi na ushairi wa karne nyingi, wakawa wanasahihishwa na walimu waliojifunza Kiswahili ukubwani. Vuk naye alichagua usemi wa jamaa zake, waliohamia Tršić kutoka Herzegovina. Kijiji chake kilishinda. Vijiji vingine vingi vikajikuta vinakosea. Tena hakuishia hapo. Katika makala yaliyotoka mwaka 1849 aliandika kwamba wote wasemao lahaja ile ni Waserbia, wawe Waorthodoksi, Wakatoliki au Waislamu, wapende wasipende. Nilipokuwa mwanafunzi jambo hilo halikutajwa. Mwaka 1992 vita vilipozuka Bosnia, ng'ambo ya Drina, si mbali na pale nilipokula ugali, watu waliuawa na wengine kufukuzwa majumbani mwao na watu waliokuwa wakisema nao lugha moja, ambao waliweza kuwatukana bila mkalimani. Nilifuatilia habari zile katika redio usiku, nikimfikiria yule mama.

Sisemi kwamba apa iandikwe vitabuni. Mtoto apaswa kufundishwa hapa, na angekuwa mwanafunzi wangu leo ningemsahihisha tena. Lakini mtu wa kanuni yenyewe aliishi miaka 18 na kamusi isiyo na h, kwa sababu kwao hawaitamki, naye hakuna aliyemfukuza. Alisafiri, akasikia, akaongeza. Hayo niliyaandika kwa mkono wangu mwaka 1976, nayo yalikuwa sandukuni nyumbani siku ile nilipochukua kalamu nyekundu.

Daftari nililipata tena baada ya kustaafu, nikitafuta cheti cha yule karani. Ilinichukua muda kumpata yule mwanachuo. Wenzake wawili walinielekeza, wa tatu akanipa namba ya simu. Nilipiga jioni moja. Sauti ikawa ya mzee, nami nilimtarajia kijana.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Abari za siku nyingi?"

Nikaitikia marahaba. Akanieleza habari za mahindi yake na za wajukuu, mmoja wao ni mwalimu. Nililokusudia kusema nililisema mwishoni, vibaya, nikirudia rudia. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema neno lenyewe alilokosea amekwisha kulisahau, ila wino mwekundu anaukumbuka.