Mgeni Kanisani: Kutoka Jinja Hadi Mbale

Msafiri ashindaye Jumapili katika Uganda ya mashariki asisite kuingia kanisani. Huko Bugembe, karibu na mji wa Jinja, limesimama Kanisa Kuu la Kristo la Dayosisi ya Busoga. Katika nchi hiyo hiyo ya Busoga, Oktoba 1885, Askofu James Hannington aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyewahofia wageni watokao mashariki. Siku hizi mgeni husimamishwa wakati wa matangazo, akataja jina lake na atokako, akapigiwa makofi.

Ukifuata njia ya Iganga na Tirinyi utafika Mbale, chini ya Mlima Elgon, ambako Wagisu husalimiana kwa neno “Mulembe”, yaani amani. Lakini amani hiyo haikamiliki kwa makofi, ambayo hukoma upesi. Asiyejua Kigisu huhitaji jirani wa kumwonyesha wimbo kitabuni, na baada ya ibada, mtu wa kumwuliza atakula wapi.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, ndugu msomaji, Jumapili ijayo mtazame yule aketiye nyuma peke yake.