Lala Kigoma Kwanza

Fundi aliyemfundisha kuzamia na mtungi alipozikwa Ujiji, mwanafunzi wake alikuwa ameiacha kazi hiyo miaka mingi. Wiki chache baada ya matanga alikuwa tena ndani ya Ziwa Tanganyika. Kilichomrudisha ni maneno aliyoyasikia palepale msibani: vijana wakisimuliana kwa fahari jinsi wanavyozamia mchana kutwa, na jioni wanapanda treni kwenda Tabora.

Utoto wake unasimulika haraka. Alizaliwa Tabora, baba akiwa mtu wa reli, akajifunza kuogelea katika bwawa la Igombe bila ruhusa ya mama. Mji ulikuwa njia panda tangu enzi za misafara: wapagazi walitoka Bagamoyo, wakapumzika hapo Unyanyembe, kisha wengine wakaendelea na safari hadi Ujiji. Reli ya Wajerumani ilifuata karibu njia ileile, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Ndiyo iliyobeba vipande vya meli tunayoiita leo Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo wakiwa wameipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Kila baba aliposimulia habari hiyo, mtoto aliuliza swali moja: walioshuka chini kuishughulikia walipumuaje?

Jibu alilipata Kigoma, fundi alipomfundisha kuzamia kwenye biashara ya samaki wa mapambo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na samaki wengi wasiopatikana kwingine kokote duniani. Mmoja wao, mwenye nundu kichwani na mistari myeusi ubavuni, wanunuzi wa Ulaya humwita frontosa. Huyu hukaa chini sana. Kumfuata mita 30 ni jambo la kawaida.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Samaki akitolewa mita 30 hadi juu kwa mkupuo, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka zaidi ya mara nne. Mwajiri wao alitaka kibofu kitobolewe kwa sindano, mzigo uondoke siku hiyohiyo. Fundi alikataa katakata. Yeye alitumia kizimba cha wavu kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo, akakipandisha mita chache, akakiacha kilale, kesho yake akakipandisha tena. Kabla ya kila hatua alishuka kuwaangalia samaki. Samaki anayeogelea kichwa chini, mkia juu, bado hajawa tayari. Akikaa sawasawa na kupepea mapezi polepole, kamba inavutwa hadi fundo linalofuata. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa na ilimgharimu fundi marupurupu yake. Mpaka leo wapo wanaosema sindano ikishikwa na mkono mzuri haina madhara. Mwanafunzi wake hakubali. Amewaona samaki waliotobolewa wakivimba ubavuni ndani ya matangi, na vifo vyao viliandikwa kuwa ni uchovu wa safari.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba samaki alipewa siku kadhaa, na mzamiaji hakupewa hata usiku mmoja. Nitrojeni inayoingia mwilini chini ya maji hutoka taratibu, na mtu akikimbilia mahali penye hewa nyepesi, inaweza kutoka ikiwa mapovu: viungo vinauma, ganzi inaingia miguuni, wengine wanapooza. Kigoma yenyewe haipo usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko mita 773 juu, kwa hiyo mita 30 za pale, kwenye jedwali lililotungwa kwa ajili ya bahari, zihesabiwe kama 33. Tabora iko kama mita 1,200. Treni inapita Uvinza, Kaliua, Urambo, ikipanda bila abiria kuhisi kitu. Jeshi la majini la Marekani lina jedwali la muda wa kungoja baada ya kuzamia kabla ya kupanda mahali pa juu zaidi, na linaanzia kwenye mwinuko wa mita 300 tu. Kutoka ziwani hadi Tabora ni zaidi ya 400. Kijana akishikwa na maumivu Urambo usiku wa manane, atakimbilia chemba ipi ya kumtibu kwa shinikizo?

Kurudi kwake majini kulifuata utaratibu uleule wa kamba ya mafundo. Daktari kwanza, kwa ajili ya moyo na mapafu. Mtungi ukapimwa upya kwa shinikizo, mipira ya regulata iliyokauka ikabadilishwa. Halafu maji ya kufika kifuani: kuvua miwani na kuitoa maji, kuutema mdomo wa hewa na kuutafuta kwa mkono, mpaka mwili ukakumbuka. Mkanda wa risasi aliupunguza, maana maji ya ziwa hayambebi mtu kama ya bahari. Mita 30 hakuzigusa.

Soko nalo limepungua, kwani samaki wengi wa Tanganyika sasa wanazalishwa huko huko ng'ambo. Wanunuzi waliobaki wanataka mzigo upesi kuliko zamani, na haraka hiyo inamwangukia mzamiaji.

Ameombwa kuwafundisha vijana wa kampuni moja. Amekubali kwa sharti la maandishi: baada ya siku ya kuzamia, posho ya kulala Kigoma ilipwe, na tiketi ya treni ikatwe ya safari inayofuata. Kampuni imejibu kwamba italipa posho kwa walioshuka zaidi ya mita 20. Mkataba ameurudisha bila sahihi.