Tujifunze Kupokea



Katika karatasi zetu hizi tunasoma mara nyingi juu ya kutoa: kutoa sadaka, kutoa saa kwa ajili ya wagonjwa, kutoa mfano mwema. Ni maneno mazuri, hakuna mtu atakayeyakataa. Lakini leo nataka kusema juu ya jambo lingine, ambalo mimi naliona kuwa gumu zaidi: ni kupokea. Zaidi sana, kupokea upendo wa Mungu.

Mutaniuliza: kupokea kuna ugumu gani? Si kufungua mikono tu? Basi tuangalie maisha yetu hapa masomoni. Mwanafunzi anapata pointi kwa kazi yake. Wa mwaka wa sita anajua kama asipofikia asilimia 50, hana diploma ya Serikali. Mwenye kulipa minervali anaingia darasani, asiyelipa anarudishwa nyumbani. Mambo hayo yanatufundisha tangu utoto kwamba kila kitu kina bei. Kiisha tunaingia kanisani na hesabu ile ile kichwani. Tunasema: wiki hii nimeomba kila asubuhi, basi Mungu ananipenda, wiki hii usingizi umenishinda, basi Mungu ameniacha. Tunamweka Mungu kuwa kama mwalimu mwenye kaye ya pointi mkononi.

Mimi nilianza kuelewa jambo hili wakati malaria iliponishika hapa interna. Kwa kawaida mimi ndiye ninayechotea wenzangu maji kule chini kwenye chemchemi. Lakini kwa siku 5 sikuweza hata kusimama. Wenzangu wawili walinichotea maji, walifua shuka niliyoitapikia, na mmoja aliamka usiku kunipa dawa kwa saa yake. Nilisikia haya nyingi. Nikamwambia: "Yaya, acha tu, nitafua mwenyewe nikipona." Akanijibu: "Lala, mudogo. Hatukukuomba kitu." Neno hilo lilinitoa machozi kuliko homa yenyewe.

Hata dawa niliyokunywa ilikuwa na fundisho lake. Kinini inatoka katika ganda la mti wa kinkina, ambao watu wameupanda katika milima yetu ya Kivu. Mti ule unangoja miaka mingi mbele ganda lake lifae. Aliyeupanda hakunijua mimi. Mvua na jua vilivyoukuza havikuniuliza kama ninastahili. Mimi nilikunywa, nikapona.

Nilipokuwa kitandani nilisoma Yohana 13. Petro alikataa Yesu asimwoshe miguu. Alifikiri anamheshimu Bwana wake. Lakini Yesu alimwambia kwamba pasipo kuoshwa hana sehemu pamoja naye. Ona ajabu hii: usiku ule ule Petro alisema yuko tayari kutoa uhai wake kwa ajili ya Yesu, lakini kukaa kimya na kuoshwa miguu kulimshinda! Tunapotoa, tunabaki wakubwa. Tunapopokea, tunajulikana kuwa watoto. Ndiyo maana inatuuma.

Tusome tena 2 Samweli 9. Mefiboshethi alikuwa kilema miguu yote miwili, mjukuu wa Sauli aliyemtafuta Daudi amwue. Alipoitwa mbele ya mfalme alianguka kifudifudi, akajihesabu kama mbwa aliyekufa. Daudi hakumwuliza ataleta nini. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Miguu yake haikupona. Alikula vilevile na kilema chake.

Mwenzetu mmoja aliniambia: "Papa yangu alinikataa mbele nizaliwe. Nitajuaje upendo wa Baba wa mbinguni? Neno baba kwangu ni neno tupu." Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kumfunga kinywa kwa aya moja. Nilimwuliza tu: "Nani alikulisha?" Akasema: "Ni koko. Alilima mashamba ya watu ili nisome." Tukanyamaza wote wawili. Kiisha akasema polepole: "Labda Mungu alipita kwa mikono ya koko." Mimi naamini hivyo. Mungu hana njia moja tu ya kufikisha upendo wake kwetu.

Wengine watasema: kama upendo ni wa bure, watu watakuwa wavivu na watafanya zambi bila hofu. Lakini Paulo, katika Waefeso 2, anaweka mambo kwa mustari: kwanza neema, kiisha matendo mema. Matendo si bei ya kununua upendo, ni matunda yake. Yule koko hakupenda mjukuu wake sababu anafaulu. Mjukuu anakaza masomo sababu amependwa.

Basi tufanye nini? Asubuhi, mbele ya kuomba kitu chochote, tukae kimya kidogo na kumshukuru Mungu kwa kitu kimoja ambacho hatukukifanyia kazi. Tunapotubu, tuamini kwamba tumesamehewa, tusiendelee kujipiga kila siku kwa zambi ile ile. Na mwenzako akikusaidia, usikimbilie kulipa siku ile ile kana kwamba ni deni la dukani. Mwambie aksanti, mwangalie usoni, pokea.

Chombo kisichokaa chini ya chemchemi hakiwezi kumnywesha mtu. Bwana atufundishe sisi wote, wanafunzi na walimu, kukaa chini yake.

Ndugu yenu wa mwaka wa tano.