Vitufe Sita

Kibodi haijui kusoma. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza nilipoanza kujiundia kibodi ndogo, na bado ndilo linalonishangaza zaidi. Ukibonyeza kitufe kilichoandikwa A, hakuna herufi A inayosafiri ndani ya waya. Kinachosafiri ni namba ya kitufe hicho, 4, na kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ina maana gani. Kitufe kinachofuata Tab upande wa kulia hutuma 20. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza huipokea namba hiyo ikaandika Q. Iliyopangwa kwa Kifaransa huipokea hiyohiyo ikaandika A. Wino uliochapwa juu ya vitufe ni wa macho yetu tu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, si mhandisi. Kabla ya mwaka huu, ujuzi wangu wa umeme ulikuwa kubadilisha balbu. Walionifikisha kwenye vitufe ni kina nyanya wa Nyeri. Tasnifu yangu inahusu wanawake waliokuwa wasichana wadogo mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwahamisha Wagĩkũyũ kwa nguvu na kuwarundika katika vijiji vya Hali ya Hatari. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamehamishiwa huko. Aliyekuwa na miaka 10 wakati huo sasa amepita 80. Nina saa 23 za sauti zao, na kila saa sharti niinukuu kwa Gĩkũyũ, neno kwa neno, kabla ya kuitafsiri.

Kiswahili kina irabu tano. Gĩkũyũ kina saba. Mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ, kila moja ikiwa na kiwimbi kichwani. Ĩ hutamkwa karibu na e ya Kiswahili, na ũ karibu na o, ndiyo maana wenyewe wakilitaja jina la lugha yao unasikia kitu kinachokaribia "Gekoyo". Kiwimbi si pambo. Ũria ni "uliza". Ũrĩa ni "yule". Viondoe viwimbi, na maneno yote mawili yanakuwa uria.

Najua gharama ya kuviondoa kwa sababu nimeiona. Katika maktaba moja nilisoma mahojiano yaliyochapwa miaka mingi iliyopita na mtafiti mwingine, kurasa nyingi zisizo na kiwimbi hata kimoja. Kanda zenyewe hazipo tena, na mama aliyehojiwa alishafariki. Mahali pengi muktadha unaokoa. Lakini kuna sentensi moja kuhusu askari aliyesimama mlangoni, na katikati yake kuna hilo neno uria. Nikilisoma hivi, mtu anaamriwa aulize. Nikilisoma vile, mtu ananyooshewa kidole. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na hakuna aliyebaki wa kutuambia ipi ndiyo.

Simlaumu sana aliyechapa. Shida hii ilizaliwa na mashine, si na lugha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharabainĩ mwaka 1978 akiwa kizuizini Kamĩtĩ, kwenye karatasi za msalani, na kwa kalamu kiwimbi hakigharimu chochote: ni mkono kuyumba kidogo. Leo baadhi ya magazeti, yenye kompyuta kila meza, bado huliandika jina lake bila kiwimbi hata kimoja. Kalamu huchora chochote. Kibodi huamua mapema kipi kitakuwa rahisi.

Kwenye laptopu yangu, inayotumia Linux, njia ya kuandika ĩ ni hii: shika Ctrl na Shift, bonyeza U, andika 129, kisha bonyeza nafasi. Ũ ni hivyohivyo, ila 169. Mibonyezo saba kwa herufi moja. Katika ukurasa wa kwanza niliounukuu, nilizihesabu herufi hizo mbili zikafika 214. Hiyo ni karibu mibonyezo 1,500 kwa ajili ya viwimbi vya ukurasa mmoja. Nikamwelewa vizuri yule mchapaji wa zamani.

Rafiki yangu anayesomea kompyuta aliniuliza swali la haki: kwa nini usibadilishe tu mpangilio wa kibodi kwa programu? Inawezekana, na watu hufanya hivyo. Lakini kumpa ĩ kitufe ni kumnyang'anya mwingine, na mahojiano yangu yana Gĩkũyũ, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Nahitaji kila herufi ibaki mahali pake. Isitoshe, kompyuta za maabara tunazotumia hazimruhusu mwanafunzi kuweka wala kubadilisha chochote. Zinamruhusu, hata hivyo, kuchomeka kibodi. Basi niliamua kuchomeka vitufe sita: ĩ, ũ, Ĩ, Ũ, kimoja cha kusimamisha na kuendeleza sauti, na kimoja cha kuirudisha nyuma kidogo.

Vifaa nilivipata Luthuli Avenue, Nairobi, kwenye duka ambalo upana wake ni mikono miwili iliyonyooshwa. Nilikuwa na orodha: bodi ndogo yenye chipu ya ATmega32U4, swichi sita, waya mwembamba, lehemu. Chipu hiyo nilikuwa nimeichagua kwa sababu moja: ukiichomeka kwa USB, inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa yenyewe ni kibodi, na kompyuta huikubali bila kuhoji.

"Dadangu, unatengeneza nini?" fundi aliniuliza.

"Kibodi ya kuandika Gĩkũyũ."

Alinitazama, akatazama bodi. "Kwani Gĩkũyũ kinahitaji mashine yake?"

"Kinahitaji herufi mbili tu."

Alicheka, lakini kabla ya kufunga mfuko alichukua kipande cha bodi mbovu akanionyesha jinsi ya kulehemu. "Pasha chuma, usipashe lehemu. Chuma kikipata moto, lehemu itakuja yenyewe." Nimesoma maelezo mengi tangu siku hiyo na sijaona yanayoshinda hayo.

Kuunganisha vitufe sita ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kila swichi ina miguu miwili. Mguu mmoja huunganishwa na waya wa pamoja unaokwenda kwenye ardhi ya saketi, yaani volti 0. Mwingine hupelekwa kwenye pini yake pekee. Programu huiambia chipu iziweke pini zote juu, kwenye volti 5, kwa nguvu ndogo. Ukibonyeza, pini inagusana na ardhi na kushuka hadi sifuri. Kwa hiyo chipu hujua kitufe kimebonyezwa kwa kuona kitu kimetoweka. Ilinichukua jioni nzima kuzoea wazo hilo, kwamba 1 ni ukimya na 0 ndiyo sauti.

Kisha kuna suala la kurukaruka. Chuma kikigusana na chuma hakitulii papo hapo. Hudunda kwa milisekunde chache, kama mpira uliodondoshwa sakafuni, na chipu ina kasi ya kutosha kuhesabu kila mdundo. Ukibonyeza mara moja, kwenye skrini unaweza kupata ĩĩĩ. Katika lugha nyingine hicho kingekuwa kichekesho tu. Katika Gĩkũyũ urefu wa irabu nao hubadilisha neno, kwa hiyo kitufe kinachodunda kinaweza kumwekea mtu maneno mdomoni. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu: ukiona badiliko, ngoja milisekunde 20, tazama tena, ndipo uamini. Kwa mwanafunzi wa historia, hiyo ni kanuni ya kazi tunayoijua.

Sehemu iliyobaki ni udanganyifu mdogo. Kwa kuwa kibodi haiwezi kutuma herufi ĩ, kitufe changu hutuma ile mibonyezo saba, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ambayo jicho haliioni. Kompyuta haijui kama nyuma yake kuna kidole kimoja au saba. Kwa kompyuta za maabara, zenye Windows na Word, niliandika njia ya pili: ukishikilia kitufe cha mwisho wakati wa kuchomeka, vitufe vinatuma U+0129 kisha Alt na X, na Word inageuza hayo kuwa ĩ. Kasha ni kisahani cha sabuni chenye kifuniko, nilichokitoboa kwa kisu kilichopashwa moto. Juu ya vitufe niliandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Gharama yote haikufika shilingi 3,000.

Siwezi kusema kifaa hiki kimeharakisha tasnifu. Kusikiliza bado ni kusikiliza. Kilichobadilika ni kwamba siku ya uchovu, saa tano usiku, hakuna tena kishawishi cha kusema herufi moja haitadhuru. Kuandika sawasawa sasa kunanigharimu sawa na kuandika vibaya.

Mwezi uliopita nilirudi Nyeri na kurasa zilizochapwa. Cũcũ mmoja, aliyejifunza kusoma kwa Biblia ya Gĩkũyũ, alivaa miwani na kupitisha kidole chini ya kila mstari, akisoma kwa sauti bila kukwama. Alipofika mwisho wa ukurasa wa pili alisema, "Hivi ndivyo nilivyosema." Nilidhani hapo ndipo tulipokuwa tunaelekea.

Aliendelea kusoma. Katika ukurasa wa nne alisimama. "Mwarĩ," aliniambia, "lete kalamu." Palikuwa na mistari miwili kuhusu jirani aliyewapelekea askari habari, na jina lake. "Hili nililisema kweli, na umeliandika kweli. Lakini wajukuu wake tunakaa nao kanisani. Liondoe."

Akalikata mwenyewe. Kama kurasa zingekuwa na maneno yanayofanana-fanana na yake, angetikisa kichwa kwa adabu, wazee wengi hufanya hivyo, na jina lile lingebaki. Kwa sababu aliyatambua maneno kuwa yake, aliweza kuchagua yapi yatoke nje ya nyumba yake na yapi yabaki.

Nilipofika Nairobi niliichomeka kibodi, nikafungua faili, nikaifuta ile mistari miwili. Kwa kazi hiyo sikuhitaji kitufe changu chochote. Zimebaki saa 14.