Palizi ya Gihosha: Kuondoa Magugu Pasipo Kuupoteza Udongo

Atokaye katikati ya mji wa Bujumbura kuelekea kaskazini-mashariki huvuka mto Ntahangwa, na mara baada ya hapo njia huanza kupanda. Nyuma huachwa ziwa Tanganyika na uwanda wa Imbo. Mbele husimama vilima vya Mumirwa, ambako mito yote ya mji huu hutelemka kwa kasi. Kati ya uwanda na vilima hivyo ndipo ilipo Gihosha. Zamani ilikuwa tarafa ya mji iliyojitegemea. Katika mageuzi ya mwaka 2014 iliunganishwa na Kamenge, Kinama, Ngagara, Cibitoke na Buterere kuwa tarafa ya Ntahangwa.

Mitaa yake ni ya namna nyingi. Kigobe, lilipo jengo la Bunge, ina nyumba kubwa zenye kuta ndefu. Gikungu yajulikana sana na mahujaji wa Kikatoliki. Kwingineko, kama vile Gasenyi, wakazi wengi ni wa kipato cha kawaida. Hata hivyo liko jambo moja linaloziunganisha nyumba hizi, za wakubwa kwa wadogo: palipo na nafasi nyuma ya nyumba, hapakosi kipande cha bustani. Humo hustawi lengalenga, sombe, matembele, maharage, vitunguu na nyanya. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa mwezi, kipande hicho ndicho kinachotia mboga chunguni siku ambazo mfuko umekauka.

USAFI WENYE HASARA

Kiwanja cha nyumbani hutazamwa na majirani kama kioo cha tabia ya wenyeji wake. Bustani yenye majani huhesabiwa kuwa ni ya mvivu. Kwa hiyo mwenye nyumba huchukua jembe, akafyeka na kukwangua kila kilicho kijani baina ya matuta, akafagia, kisha takataka zote akazitupa bondeni. Katika nyumba za askari desturi hii ina nguvu zaidi, kwani mtu aliyezoea uwanja wa gwaride uliofagiwa hutaka na nyumbani kwake pawe hivyo hivyo. Wengine husema kwamba majani huzaa mbu. Yafaa ifahamike kwamba mbu huzaliwa katika maji yaliyotuama, kama yale ya kopo lililotupwa au gurudumu kuukuu. Majani yaliyokatwa na kutandazwa juu ya udongo hayazai mbu.

Usafi wa namna hiyo hauna madhara makubwa katika kiwanja tambarare. Gihosha, lakini, ni mteremko. Bujumbura hupata mvua ya milimita 800 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Oktoba na Mei, aghalabu kwa dhoruba fupi zenye nguvu. Tone la mvua liangukapo juu ya udongo mtupu huupasua. Chembe zake huziba vitundu vya ardhi, maji hushindwa kuzama, hukimbia juu juu, na kuchukua tabaka la juu lenye rutuba. Mkulima hupoteza mbolea aliyoinunua au kuikusanya kwa jasho, na mwaka wa pili hushangaa kwa nini mboga zimedumaa.

Maji hayo hayaishii uani. Huingia katika mifereji, kisha katika Ntahangwa na Nyabagere. Wakazi wa kando ya Ntahangwa wameshuhudia kwa miaka mingi kingo zikiporomoka, na nyumba na njia zikiliwa na korongo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilileta mafuriko kaskazini mwa mji; watu zaidi ya 60 walikufa na maelfu walikosa makao. Maafa kama hayo yana sababu nyingi kubwa kuliko jembe la mama wa nyumbani. Hata hivyo mteremko mzima ni jumla ya viwanja vyake, na kila kiwanja kilichoachwa uchi huongeza maji na tope kwa jirani wa chini.

Basi palizi ya Gihosha ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuyaondoa magugu yanayoiba chakula cha mboga, na kuuacha udongo umefunikwa.

KUYATAMBUA MAGUGU

Magugu ya bustani ni ya makundi mawili, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Kundi la kwanza ni la magugu yanayozaliwa kwa mbegu. Mfano wake ni kishona nguo, ambacho mbegu zake hung'ang'ania suruali na kanga za wapitao. Mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 3,000. Siri ya kundi hili ni kuliwahi kabla ya kuchanua. Miche ikiwa na majani manne au matano, hukatwa kwa jembe lililonolewa, likipita juu juu, kina kisichozidi sentimita tatu. Kuchimba zaidi ya hapo ni kuziamsha mbegu nyingine zilizolala chini zikingoja mwanga. Kazi hii hufanywa asubuhi ya siku ya jua, ili majani yaliyokatwa yanyauke papo hapo na yaachwe pale pale yaufunike udongo. Kongwa asiachwe juu ya udongo wenye unyevu, kwa maana kila kipande cha shina lake huota upya.

Kundi la pili ni la magugu yenye mizizi na viazi vya chini. Humo mna nyasi ile iitwayo urwiri kwa Kirundi, na mna ndago. Mwenye kuukata urwiri kwa jembe huuzidisha, kwa kuwa kila kifundo cha mzizi hutoa mche. Hufaa uinuliwe kwa uma wa bustani, mizizi ivutwe mizima, kisha ianikwe juu ya jiwe mpaka ikauke kabisa. Ndago naye akingolewa juu huacha viazi vyake ardhini. Dawa yake ni subira: kukata majani kila baada ya wiki moja au mbili, pasipo kuruka, hadi akiba ya viazi iishe. Wakati wa ici, yaani kiangazi cha Juni hadi Agosti, huchimbuliwa na viazi vyake huanikwa juani. Tena ndago hachukui kivuli. Matembele yakitambaa na kufunika tuta zima humdhoofisha.

Si kila kiotacho chenyewe ni adui. Lengalenga za mwituni, mnavu na mgagani, ambao Warundi huuita isogi, huota bila kupandwa, nazo ni mboga. Mpaliliaji mwenye busara huiacha michache pembeni, huichuma ikiwa michanga, na hairuhusu ikomaze mbegu.

KUPALILIA PASIPO KUFUNUA

La kwanza, matuta yakatize mteremko, yasielekee chini pamoja nao. La pili, palizi isifanywe kwa kiwanja kizima siku moja. Wiki hii hupaliliwa tuta moja na kurukwa la pili; wiki ifuatayo lile lililorukwa. Kwa njia hiyo mvua ikija ghafla haiukuti mteremko wote mtupu. La tatu, mpakani upande wa chini, uachwe ukanda wa mabingobingo au nyasi nyingine zenye mizizi mingi. Ukanda huo hukatwa mara kwa mara usizidi kimo, lakini haung'olewi, kwani ndio unaozuia udongo.

La nne, na ndilo kubwa, ni kutandaza. Majani makavu ya migomba, nyasi zisizo na mbegu au makapi ya mpunga wa Imbo hutandazwa baina ya mistari, unene wa sentimita tano hadi nane, yakiwa mbali kidogo na shina la mboga ili lisioze. Mbegu nyingi za magugu zilizokosa mwanga hazioti, unyevu hudumu, na tone la mvua huvunjika nguvu kabla ya kuufikia udongo.

Wakati nao una hesabu yake. Mboga nyingi zahitaji kulindwa zaidi katika wiki tatu au nne za kwanza. Zikishafunga majani juu ya tuta, zenyewe huyatia magugu kivuli. Vitunguu na karoti hudai muda mrefu zaidi, kwa sababu majani yao ni membamba.

Kuhusu sumu za kuua magugu, hazina nafasi katika bustani ya jikoni. Dawa iliyopulizwa mteremkoni yaweza kuiunguza mboga yenyewe, na mvua huichukua hadi ziwani. Nako ziwani ndiko shirika la Regideso linakovuta sehemu kubwa ya maji yanywewayo mjini.

KAZI YA NANI?

Katika familia za askari na polisi swali hili si dogo. Baba huwa zamu za usiku, au hupelekwa mbali. Tangu Desemba 2007, na kwa miaka mingi iliyofuata, maelfu ya wanajeshi wa Burundi walihudumu Somalia, na bustani zilibaki mikononi mwa wake na watoto. Kwa hiyo ukubwa wa bustani upimwe kwa mikono iliyopo nyumbani. Matuta manne yanayopaliliwa nusu saa kila asubuhi hulisha watu kuliko kumi yanayomezwa na urwiri. Watoto wafundishwe kuyatambua magugu kwa majina, wasije wakang'oa miche ya mboga.

Naye mwenye nyumba arudipo likizo akakuta majani makavu yametandazwa na ukanda wa nyasi umesimama mpakani, asiseme kwamba mkewe amezembea. Angoje mvua ya kwanza, kisha atoke akayatazame maji yatokayo kiwanjani mwake. Yakiwa na rangi ya udongo, bustani inahama na palizi haina budi ibadilishwe. Yakiwa meupe, ashike jembe amsaidie mwenzake kuendelea vivyo hivyo.