Picha ya Pamoja

Mara ya kwanza nilitengeneza bango. Rangi kibao, ramani, Jumamosi saa nane, maktaba moja huko Eastlands. Nikalirusha kwenye kila grupu ya WhatsApp niliyokuwemo, hadi ile ya harusi ya binamu yangu. Vidole gumba vikamiminika. Nikanunua mandazi 40. Akaja mtu mmoja, naye alikuwa anatafuta pa kuchaji simu.

Mimi huhariri Wikipedia ya Kiswahili. Hakuna anayenilipa. Ilianza mwaka 2003 na hadi leo inaandikwa na watu wanaojitolea, ambao wengi hawajawahi kuonana. Mwenzako unamjua kwa jina alilojipa na kwa makosa yako anayoyasahihisha. Wangu alijipa jina la ndege. Jina lenyewe silitaji, utaona sababu. Kwa miaka mitatu Ndege alininyooshea ngeli usiku wa manane.

Nikitafuna mandazi yangu peke yangu, nikaliona kosa. Niliokuwa nawatafuta hawakuwa kwenye grupu za harusi. Walikuwa palepale kazini, kwenye ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, ambako kila hariri huonekana pamoja na jina la mhariri na saa. Mwezi uliofuata sikuchora bango. Nilimwandikia kila mmoja kwenye ukurasa wake wa majadiliano: nimeona ulivyorekebisha makala ya Mto Nzoia, tunakutana Jumamosi, je, uko Nairobi? Niliandika jumbe 11. Wawili walijibu kwamba wako Tanzania, wakanitakia heri. Wakaja saba.

Ndege alikuja. Nilitarajia mzee wa miwani, kumbe ni kijana wa rika langu, amevaa sare ya ulinzi, katoka moja kwa moja kazini. Ndipo nikaelewa kwa nini alihariri saa tisa usiku. Alikuwa langoni kwa watu, simu mkononi, anafukuza usingizi kwa kusahihisha makala.

Tulicheka sana siku hiyo. Tukapiga picha ya pamoja. Usiku nikaiposti ili kuvutia watu kwa mkutano ujao, na nikamsifu yeye kuliko wote: nikaandika jina lake la mtandaoni, na kwamba yeye ndiye bingwa wetu wa usiku.

Fikiria nilichofanya. Sare ilikuwa na nembo ya kampuni. Na kwenye Wikipedia, ukishajua jina la mtu, michango yake yote iko wazi, saa na dakika. Mimi ndiye niliyeunganisha hivyo viwili.

Wiki iliyofuata akanipigia. "Sista, ile picha imefika kwa supavaiza." Alikuwa amesimamishwa kazi wiki mbili bila mshahara. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Niliifuta picha, lakini tayari ilikuwa imesambazwa. Nikamtumia pesa kwa simu. Akazirudisha zote.

Nilidhani kutangaza ni kuongeza sauti. Sikujiuliza wenzangu walijificha nyuma ya majina yale kwa sababu gani. Kwa wengine ni mchezo tu. Kwa wengine ni kodi ya nyumba.

Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa wahariri wa dunia nzima, ulipofanyika hapa Nairobi Agosti 2025, nilimwandikia Ndege. Hakujibu. Nilielewa.

Bado naalika watu, mmoja mmoja. Mwisho wa kila ujumbe naweka mstari huu: njoo na jina lolote, hakuna picha bila ruhusa. Kuna aliyeniambia kwamba huo mstari ndio uliomleta.

Na Ndege bado anahariri. Siku hizi hariri zake huingia saa saba mchana, wakati wa lanchi. Jana alirekebisha ngeli yangu tena. Nilitaka kumshukuru mbele ya watu, nikajizuia. Nikarudi kwenye makala, nikaendelea pale alipoachia.