Moyo wa Bua

Kijiti kilikatika mkononi mwangu saa mbili usiku, tukiwa tumekaa mkekani barazani kwa dada yangu, huko Lumuma. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ameshaniambia mara mbili, "Mjomba, hakijakaa sawa." Sikumsikiliza. Nilikuwa na karatasi ya maelekezo, nilikuwa na miwani, na nilikuwa na haraka ya mtu aliyesafiri na zawadi akitaka kuiona imekamilika kabla hajalala. Nikabana kwa dole gumba. Tukasikia kitu kikavu kikivunjika.

Hakulia. Alinitazama, kisha akainamisha macho, na ukimya ule wa mtoto aliyelelewa kwa adabu uliniuma kuliko kilio.

Zawadi yenyewe ilikuwa boksi la vipande vya plastiki vya kuunda Millennium Falcon, kile chombo cha angani cha filamu za Star Wars. Nililikuta Dar es Salaam, kwenye meza ya vitu vya watoto. Ni vile vipande vya kupachika bila gundi. Kipande kina kijiti, mwenzake ana tundu, na kijiti kimezidi unene wa tundu kwa kiasi cha unywele tu, ili plastiki ijibane yenyewe. Kazi yote iko kwenye huo unywele. Kijiti kikiingia kimenyooka, kinashika. Kikiingia kimepinda, nguvu utakayoongeza haitakinyoosha.

Niliamini namletea kitu asichokijua. Lumuma watu wanaijua kwa vitunguu: mifereji, vitalu, majaruba, magunia yakisubiri lori. Nani huku angekuwa na habari za vyombo vya angani? Lakini ilikuwa likizo ya Juni, mahindi yamevunwa, mabua makavu yamejaa mashambani, na asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimemkuta na wenzake nyuma ya jiko wakiunda treni ya mchongoko, ile ya umeme waliyoiona Kilosa. Mmoja alikuwa anasisitiza wajenge na daraja refu, maana pale Kidete maji yamewahi kuibeba reli ya zamani, na si mara moja.

Bua wanalimenya. Ganda gumu la nje wanalipasua vijiti vyembamba. Kiini laini cha ndani, moyo wa bua, wanakikata vipande, kisha wanachomeka vijiti kwenye moyo. Hakuna gundi wala msumari. Magurudumu yanatoka kwenye malapa yaliyokatika. Ukichomeka kwa pupa, moyo unachanika na bua lote halifai tena, kwa hiyo vidole vyao vimejifunza kutambua pale kitu kinapokubali na pale kinapokataa. Nilisimama, nikasema, "Hongereni," nikapita. Ndivyo sisi wakubwa tunavyosifu kazi ya watoto, bila kuitazama. Jioni yake nikamkalisha mtoto huyo huyo mkekani nimfundishe kupachika.

Kwetu Wasagara ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba si mtu wa kuleta pipi tu. Neno lake lina uzito kwenye ndoa, kwenye msiba, kwenye mambo ya ardhi. Mpwa wangu analijua hilo bila kufundishwa. Ndiyo maana alisema mara mbili kwa sauti ya chini, akanyamaza. Nimelirudia jambo hili moyoni siku nyingi: heshima aliyonipa ndiyo iliyomfunga mdomo, wakati yeye ndiye aliyekuwa anajua. Sitaki heshima hiyo ipotee, imenilea hata mimi. Ila sasa naona anayeheshimiwa ana deni. Anapaswa kutega sikio mapema, kwa sababu anayemheshimu hatasema mara ya tatu. Sijui ni mara ngapi nimesemeshwa hivyo, nyumbani na kazini, na watu ambao leo siwezi kuwafuata kuwauliza walitaka kuniambia nini.

Dada yangu alitoka ndani. Alikuwa ameshinda shambani akipandikiza miche ya vitunguu, na mgongo ulikuwa unamuuma. Akatazama kile kipande kiganjani mwangu, sahani ya mawimbi ya kukaa juu ya chombo, mguu wake umevunjika.

"Kaka, mwachie mwenyewe."

Nikamwachia. Na kwa kuwa mikono yangu haikuwa na kazi tena, nikaanza kumsimulia mtoto. Nikamwambia kwamba filamu ya kwanza ilipotengenezwa, ile iliyotoka mwaka 1977, mafundi walinunua maboksi ya vifaru na ndege za plastiki, kama hili letu, wakachukua vipande vyake na kuvibandika juu ya vyombo vyao vya angani mpaka vikaonekana vimejaa mitambo. Falcon nayo ilipambwa hivyo.

"Kumbe wameokoteza," akasema. "Kama sisi na malapa."

"Kama ninyi na malapa."

Nikamwambia pia habari ninayoipenda kuliko zote. Kwenye filamu ya mwaka 1983, Return of the Jedi, msaidizi wa rubani wa chombo hiki ni kiumbe mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb, na sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani. Watengenezaji walitaka lugha isikike ya sayari nyingine. Yeye akazungumza lugha za kwao Kenya.

Mpwa wangu akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hata Kisagara kinaweza kuongewa humo ndani?"

"Kinaweza."

Akainuka na taa ya sola, akaenda nyuma ya jiko. Aliporudi alikuwa na kipande cha bua, mwiba na sindano ya mama yake. Kwa mwiba akachokoa kisiki cha kijiti kilichobaki tunduni. Sindano akaishikia koleo juu ya makaa, na ilipopata moto akatoboa sahani ile, polepole, plastiki ikiyeyuka. Akachonga ganda la bua kwa wembe, akalijaribu, akalitoa, akachonga tena. Tundu la juu ya chombo akalijaza moyo wa bua. Kisha akachomeka. Mkono wake haukukaza hata kidogo. Ulisimama pale, ukasikiliza, ukasukuma tena kidogo.

Sahani ikashika. Akaigusa kwa kidole, ikazunguka.

"Mjomba, ona! Kwenye karatasi ilikuwa ya kukaa tu. Hii inageuka."

Asubuhi niliwakuta tena nyuma ya jiko, safari hii watano. Falcon ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa, ya kutazamiwa, na chini yake walikuwa wameanza nyingine ya mabua matupu, pana kama ungo. Mpwa wangu alinisalimia shikamoo, nikaitika marahaba, akasogea kunipa nafasi. Akaniwekea mkononi kipande cha moyo, cheupe na chepesi kama pamba.

"Mjomba, shika hapa. Usikaze."

Nikashika.